Majina Kumi na Moja ya Madam Vangie

Padri, walimu, majirani wa Ilayang Kalumpit, ndugu mliotoka Lucena na Maynila, na wewe mgeni wetu kutoka ofisi ya elimu ya wilaya uliyekaa safu ya pili, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja. Naitwa Marivic Rodelas Quimson, mdogo wake marehemu. Tulizaliwa wawili tu, na leo nimebaki mmoja. Familia imenichagua nisome historia ya maisha yake, na mjomba wetu Anselmo amenisihi tangu asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, akisema, "Marivic, soma tarehe, soma majina, kaa chini. Usihutubie." Nimemuahidi kwamba tarehe nitazisoma zote. Hasira yangu mtanivumilia, maana imo humo humo ndani ya tarehe.

Marehemu Mwalimu Evangelina Rodelas Alpuerto, ambaye mimi nilimwita Ate kwa kuwa ndiye dada yangu mkubwa, na nyinyi wote mlimwita Madam Vangie, alizaliwa tarehe 9 Septemba 1974 hapa hapa kijijini, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya ghala la mbata, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Teodulo Rodelas, mkausha mbata, na marehemu Felisa, aliyeuza suman, ule wali wa nazi uliofungwa kwenye majani, mbele ya lango la shule. Mimi nilipozaliwa mwaka 1982 alipata mwanafunzi wake wa kwanza, akanifundisha herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, akachapwa kwa kuchafua ukuta, na kesho yake akaandika tena, mpaka mama akachoka akaacha ukuta uwe mweusi.

Alisoma Shule ya Msingi ya Ilayang Kalumpit kuanzia Juni 1981 hadi Machi 1987, akaendelea na sekondari ya mji wa Villa Aurelia hadi Machi 1991, kisha akajiunga na chuo cha ualimu huko Lucena, ambako alifua nguo za watu kila Jumapili ili apate nauli na chakula, akahitimu mwezi Machi 1995. Mtihani wa leseni ya ualimu aliufaulu mara ya kwanza, Agosti 1996, na baba alifurahi hata akamchinja nguruwe aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya sikukuu ya kijiji, na sikukuu ilipofika tukawaandalia wageni samaki wakavu, tukasemwa mwaka mzima.

Tarehe 15 Juni 1998 aliajiriwa serikalini na kupangiwa shule ile ile aliyosoma, darasa la nne, na hakuhama tena, miaka ishirini na sita na miezi karibu tisa. Kazi yenyewe naomba niitaje kama ilivyokuwa, si kama ilivyoandikwa kwenye barua ya ajira. Alifundisha watoto arobaini, kisha hamsini, mwaka mmoja sitini na mmoja, aliwapima uzito, aliwanywesha dawa za minyoo, aliwapikia uji wa mchele wale wenye utapiamlo, alisimamia kura kila uchaguzi akatukanwa na pande zote mbili, kimbunga kikija darasa lake ndilo lililolaza watu, maji yakipungua yeye ndiye aliyezoa tope, halafu Jumatatu alitakiwa kupeleka fomu ya kueleza kwa nini vipindi vya juma lililopita havikufundishwa.

Tarehe 26 Desemba 1999 alifunga ndoa katika kanisa hili na Crisanto Alpuerto, fundi seremala, mtu mpole aliyeko hapa mbele yenu, ambaye zawadi yake ya harusi kwa mkewe ilikuwa mabenchi kumi na mbili ya darasani, na hadi leo watoto wa darasa la nne wanayakalia hayo hayo. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Abner, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2001, ambaye anafanya kazi melini, chumba cha injini, na aliyefika juzi Jumanne, akakuta mama yake hawezi tena kumgombeza kwa kukonda.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na kuanzia Oktoba mwaka huo watoto wetu wakasomea vijitabu, ambavyo walimu walivitoa kwenye mashine moja ya fotokopi iliyokwama kila karatasi ya kumi, wakavifunga kwenye mifuko ya plastiki, na Ate akavipeleka nyumba hadi nyumba kila Jumatatu, kwa miguu mpaka ng'ambo ya mto, akavirudia kila Ijumaa. Sisi akina mama tuligeuzwa walimu kwa siku moja, bila kuulizwa. Na sasa niseme jambo ambalo nusu ya wanawake walioko hapa wanalijua, na naona wengine mmeanza kutazama viatu: vijitabu vile tulivijaza sisi. Nilikuwa na kiduka, nilikuwa na nguo za kufua, mume wangu yuko Maynila kwenye ujenzi, binti yangu Liway ana miaka minane na analia mbele ya karatasi, basi nikachukua penseli nikamaliza mwenyewe, juma baada ya juma, karibu miaka miwili. Ate hakuwa mjinga. Siku moja alinirudishia kijitabu dirishani mwa duka, mbele ya wateja, akasema, "Hongera Marivic, umepanda darasa la tatu. Na mtoto je?" Watu walicheka, nami nikacheka, nikaendelea kujaza.

Shule zilipofunguliwa Liway aliingia darasa la nne, kwa Ate, na hakuweza kusoma hata jina la kijiji chake. Walikuwa hamsini na wawili humo ndani.

Nafika sasa Jumanne tarehe 14 Machi 2023, tarehe ambayo mjomba Anselmo alitaka niiruke. Kuna mazoea katika shule zetu, na walimu mliopo mnayajua, kwamba siku ya ukaguzi wa kusoma, watoto wasiojua kusoma hupewa ndoo wakapelekwa kwenye bustani ya mboga nyuma ya vyoo, wakakaa huko mpaka gari la wakaguzi liondoke. Si sheria, haijaandikwa popote, mwalimu mkuu hupita tu asubuhi akasema, "Leo bustani imekauka sana," na kila mwalimu anaelewa. Ate alikuwa amefanya hivyo miaka mingi, sitamsafisha kwa kuwa amekufa. Siku hiyo alitoa watoto kumi na moja, na wa nane alikuwa Liway.

Mwanangu alirudi nyumbani mchana, miguu imejaa tope, ameshika fungu la mboga ya pechay, anacheka, akaniambia, "Mama, mama mkubwa amenichagua nimwagilie maji! Wengine walibaki wanasoma tu." Nililiweka fungu lile juu ya kaunta, nikafunga duka, nikaenda shuleni hivyo hivyo na ndara. Nilimkuta akipanga viti. Nikamwambia mbele ya walimu wenzake, "Damu yako mwenyewe unaificha nyuma ya choo?" Akasema, "Rudi nyumbani, Marivic, nina darasa." Nikamwambia, "Huna darasa, una maonyesho." Akaendelea kupanga viti, na mimi nikamwachisha mwanangu, nikaapa hatarudi kwenye shule ile, na kwa miezi saba mimi na dada yangu tulipishana njiani kama wageni.

Mwezi Agosti 2023 nilianza kumsomesha Liway nyumbani. Nilikwenda ofisi ya elimu ya wilaya kuomba kibali, na karani pale akaniuliza, "Mama, umesomea ualimu?" Nikasema hapana. "Sasa utamfundisha kama nani?" Nikasema kama mama yake, na kwamba waliosomea wamemfundisha kumwagilia pechay. Nilipewa orodha ya karatasi na mihuri, nikaambiwa kila mwezi nilete jalada la kazi za mtoto lenye picha, sahihi na maelezo, na ukiniuliza kama kuna mtu aliyewahi kulifungua jalada hata moja, nitakwambia niliwahi kuweka katikati risiti ya mchele, ikarudi na muhuri juu yake. Majirani waliniita mkuu wa shule ya jikoni. Walimu nao walisema namdekeza mtoto, nami nikasema wao wanaula mshahara bure, tukasemana hivyo barabarani na sokoni, na wale waliotuletea karatasi hizo sisi wa pande zote mbili walikuwa wamekaa ofisini kwao penye feni, hakuna aliyewasema.

Niliyokuwa nikiyafanya jikoni hayakuwa ualimu. Nilimpigia mtoto kelele. Siku moja nilitupa penseli dirishani, naye akatoka nje akaiokota, akaifuta, akairudisha mezani. Nilikuwa nimeshindwa ndani ya miezi miwili, kwa mtoto mmoja, na dada yangu alikuwa nao hamsini na wawili.

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023, saa mbili asubuhi, Ate alisimama mlangoni na mfuko wa herufi alizozikata kwenye maboksi ya tambi. Nilimuuliza, "Umefuata nini hapa?" Akasema, "Sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kula." Nikampa wali na samaki, akala, akanawa, kisha akasema msamaha atauomba kwa mwenye nao, akaenda akapiga magoti mbele ya Liway, akamwambia, "Mwanangu, siku ile bustani haikuwa imekauka." Halafu akanigeukia mimi. "Kaa hapa. Mwanafunzi ni wewe. Mimi nina Jumamosi, wewe una siku sita zilizobaki." Na kila Jumamosi, mvua au jua, alikuja kunifundisha kufundisha, namna ya kungoja, namna ya kufunga mdomo mtoto anapohangaika na neno, na nilipofungua mdomo mapema alinipiga rula ya mezani kwenye vidole, mimi mwanamke wa miaka arobaini na moja, mbele ya mwanangu, na mwanangu alikuwa akizifurahia rula hizo kuliko sinema.

Tarehe 20 Aprili 2024, Jumamosi vile vile, mteja aliomba kopo la samaki lisilo na pilipili, na Liway akalitoa kwenye rafu, akaligeuza, akasoma kwa sauti maandishi yote, samaki, nyanya, chumvi, mpaka mahali lilipotengenezwa. Mteja alikuwa na haraka, hakuelewa kwa nini wanawake wawili wazima wamekaa sakafuni wanalia. Siku hiyo ndipo Ate alipofungua kitabu chake cha maandalio ya masomo akatoa karatasi, ratiba ya ukaguzi ya tarehe 14 Machi 2023, na nyuma yake alikuwa ameandika jioni ile ile majina kumi na moja ya watoto wa bustanini. Wawili alikuwa tayari amewafuta, aliowafundisha wakati wa chakula cha mchana, akila wali wake amesimama. Alimpa Liway kalamu alifute mwenyewe jina la nane, lake. Walibaki wanane.

Hapo naomba mnisikilize akina mama wa hao wanane. Nilikula Jumamosi zenu. Dada yangu alikuwa na siku moja tu isiyokuwa na mkaguzi wala fomu, na siku hiyo, mwaka mzima na zaidi, hata baada ya kopo lile la samaki, niliichukua mimi kwa mtoto mmoja, kwa kuwa nilikuwa na mdomo na ni ndugu yake. Nyinyi hamkuwa na mdomo, mliambiwa watoto wenu wamepanda la tano, wamepanda la sita, mkashukuru.

Alhamisi tarehe 13 Februari 2025 wakaguzi walirudi, na mwalimu mkuu akapita asubuhi akasema bustani imekauka. Ate alikwenda darasa la sita, akawachukua wale wanane, wakubwa sasa, wengine wanamzidi kimo, akawakalisha kwenye benchi la mbele la Crisanto, akawaambia wageni, "Hawa ndio niliokuwa nikiwaficha. Naomba msaada." Hakupewa msaada. Alipewa fomu ya kujaza idadi ya wasiojua kusoma, ofisi ilikuwa imeshatangaza kwamba mwaka huu wilaya itakuwa na sifuri, naye akaandika nane. Fomu ilirudi na kikaratasi cha manjano kimeandikwa, "Rekebisha." Akaandika nane. Ikarudi tena. Akaandika nane kwa herufi na kwa tarakimu. Ijumaa tarehe 28 Februari ikaja barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya saa sabini na mbili kwa nini asichukuliwe hatua kwa kukaidi maelekezo na kuichafulia jina shule yake. Jioni hiyo alinionyesha, nikamwambia, "Ate, waandikie hiyo sifuri yao, upumzike." Na hilo nalijutia kuliko ile penseli. Akanijibu, "Nikiandika sifuri, Marivic, hawa hawapo. Nani atamfundisha mtu ambaye hayupo?"

Kuhusu ugonjwa, marehemu alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2016, akimeza dawa alipokumbuka. Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, saa sita na robo mchana, watoto wakiwa wametoka kula, alianguka kiharusi mezani kwake darasani akiandika majibu ya barua ile, akapelekwa hospitalini Lucena na kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Siku ya tatu simu yake ililia mkobani, ujumbe umeingia, nikausoma mimi, nimesimama kando ya kitanda chake: "Madam, samahani kwa usumbufu, fomu yako iliyorekebishwa bado inasubiriwa." Nimeuhifadhi ujumbe huo, yeyote anayetaka kuuona aje. Madaktari walifanya kila waliloweza, lakini hakuzinduka, na Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini, miezi sita na siku tatu.

Majibu aliyokuwa akiyaandika tuliyakuta mezani, na ni mafupi, nitayasoma yote: "Mheshimiwa, watoto wanane niliowaandika hawajui kusoma. Nimejaribu kuwafundisha na sijafaulu. Sina maelezo mengine ila". Basi, hapo ndipo kalamu ilipoishia.

Juzi ile ile Jumanne, Abner akiwa bado na begi mgongoni, ofisi ya wilaya ilileta ngao ya shukrani, ya mbao na kioo, ikawekwa juu ya jeneza na picha zikapigwa. Mimi sikuisoma, nilikuwa namimina kahawa. Aliyeisoma ni Liway. Alikuja jikoni akaniambia, "Mama, wamemwandikia mama mkubwa uongo." Nikaenda kutazama, na kweli imeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba ni kwa mchango wake katika kuifikisha shule yetu kwenye sifuri ya wanafunzi wasiojua kusoma. Mwanamke huyu walimsumbua mpaka siku za mwisho ili aandike neno moja, akakataa, na alipokosa mkono wa kukatalia, wakamwandikia wao, wakaja kumbandika nalo juu ya jeneza. Niliitoa. Mnaojiuliza ilikokwenda, iko chini ya kiti changu hapa, imefungwa kwenye gazeti, na mgeni wetu wa safu ya pili ataondoka nayo, kwa heshima zote, na akifika aseme kwamba familia haikuipokea. Najua hukuiandika wewe, kijana wangu, umetumwa tu. Lakini na wewe ulikuwa unajua kusoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Lucena, hasa muuguzi mmoja aliyemsuka nywele asubuhi ya mwisho, akituambia kwamba Ate ndiye aliyemfundisha darasa la nne. Tunawashukuru majirani mliopika na kukesha nasi siku zote nane. Tunawashukuru walimu wenzake, ambao kila mmoja ana watoto hamsini wa kwake na bado mmegawana wake, na kwa yale niliyowahi kuwaita sokoni, naombeni radhi mbele ya watu. Tunamshukuru Padri. Ofisi ya wilaya sitaishukuru.

Juu ya jeneza, mahali pa ile ngao, mnaona karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye majina matatu yaliyofutwa na manane yasiyofutwa. Haitazikwa, tutaiondoa kabla ya kushusha. Akina mama wa wale wanane, mimi si mwalimu, sina leseni, jikoni kwangu ni padogo na ninajua njia moja tu, ile niliyopigiwa rula. Keshokutwa Jumamosi, tarehe 22 Machi 2025, saa mbili asubuhi, nileteeni watoto, na nyinyi mkae nao, kwa sababu mwanafunzi ni nyinyi. Liway atawagawia herufi.

Lala sasa, Ate. Wako wanane, na karatasi ninayo mimi.